Posta, kampuni binafsi au basi: kifurushi kidogo kipite wapi?

Mtu mwenye kifurushi cha kilo moja au mbili hapa Dar es Salaam ana milango mitatu ya kugonga: dirisha la Posta, ofisi ya kampuni binafsi kama DHL, FedEx au Aramex, na stendi ya mabasi. Wengi huuliza bei kwanza, halafu siku. Swali linalostahili kutangulia ni jingine: huko kinakokwenda, nani atakishusha, nani atakipitisha forodhani, na nani atampigia simu mpokeaji? Ukishalijibu hilo, tofauti za bei, za kasi na za usumbufu zinaanza kueleweka zenyewe.

Kifurushi cha nje ya nchi kikipita Posta, kinabadilisha mikono njiani. Shirika la Posta Tanzania linakipokea, linakikagua na kukipakia kwenye ndege, kisha posta ya nchi ya pili inakichukua na kukifikisha: Royal Mail au Parcelforce kwa Uingereza, USPS kwa Marekani, La Poste kwa Ufaransa. Utaratibu huu unasimamiwa na Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874. Kampuni binafsi kubwa zinakibeba mwanzo hadi mwisho kwa magari na ndege zao, na watu wao au mawakala wao, na hata karatasi za forodha zinajazwa na ofisi yao ya huko.

Kwa hiyo EMS, huduma ya haraka ya Posta, kwa malipo yanayofanana na risiti inayofanana, inaweza kuwa huduma nzuri sana kwenda nchi moja na ya kubahatisha kwenda nyingine. Nchi ambayo posta yake inapeleka barua mlangoni kila siku itakitendea haki kifurushi chako. Nchi ambayo posta yake imedorora itakiacha ghalani, na dirisha la Dar es Salaam halina la kufanya zaidi ya kuandika barua ya kuulizia. Jambo moja huwachanganya watu kwa Ujerumani: ukituma kwa Posta, mpokeaji wa Hamburg anaweza kukuambia kimeletwa na gari la njano la DHL. Hajakosea. Deutsche Post na DHL ni kundi moja, na vifurushi vya posta vya huko vinasambazwa na tawi lake la vifurushi. Ule mtandao wa ndege unaolipia bei kubwa ukienda ofisi ya DHL hapa ni mwingine.

Mizani mbili tofauti

Bei za kampuni binafsi huwashtua watu kwa sababu ya hesabu ambayo haionekani kwenye mizani. DHL, FedEx na wenzao wanapima boksi kwa sentimita, wanazidisha urefu kwa upana kwa kimo, wanagawa kwa 5,000, na jibu linakuwa kilo. Kisha wanalinganisha na uzito wa mizani na kutoza ulio mkubwa, wakipandisha hadi nusu kilo inayofuata.

Chukua vikapu viwili vya ukili ulivyoviweka kwenye boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 25. Mizani inasema kilo 1.2. Hesabu ya ukubwa inasema 40 × 30 × 25 = 30,000, gawa kwa 5,000, ni kilo 6. Unalipia kilo 6. Sasa vilaze vikapu, kimoja ndani ya kingine, uvibane kwenye boksi la kimo cha sentimita 10: 12,000 kwa 5,000 ni kilo 2.4, utalipia 2.5. Boksi tu limepunguza malipo kwa zaidi ya nusu, na vikapu vya ukili havidhuriki kwa kulazwa siku chache.

Posta ina kanuni yake ya ukubwa, na boksi hilohilo linaionyesha vizuri. Kifurushi kinachosafiri kwa daraja la barua, kile cha bei nafuu zaidi, hakitakiwi kuzidi kilo 2. Urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 90, na hakuna upande utakaozidi 60. Boksi la kwanza ni 40 + 30 + 25 = 95. Limezidi kwa sentimita tano, kwa hiyo linapandishwa daraja na kuwa kifurushi kamili chenye bei yake. La pili ni 80, linapita. Ukiwa unatuma vitu vya mirija, kama michoro ya Tingatinga iliyoviringishwa, kanuni inabadilika: urefu pamoja na kipenyo mara mbili visizidi sentimita 104, na urefu wenyewe usizidi 90.

Kwa hiyo kitu kikiwa kikubwa na chepesi, Posta ina nafasi nzuri ya kushinda. Kwa kitu kidogo kizito, mfano kitabu kinene au kipuri cha chuma, pengo linapungua na wakati mwingine kampuni binafsi haiko mbali na EMS kama watu wanavyodhani. Nyaraka ni habari tofauti kabisa: karibu kampuni zote zina bei maalumu ya bahasha ya nyaraka, chini ya bei ya bidhaa, na nyaraka hazina forodha. Bahasha ya vyeti kwenda chuo cha Kanada ipeleke kampuni binafsi kama siku zinabana, bila kusitasita.

Posta ina ngazi, si huduma moja

Anayesema "nilituma Posta kikachelewa" mara nyingi hajui alituma kwa ngazi ipi. Namba iliyobandikwa kwenye kifurushi inajibu. Ni herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi, TZ kwa Tanzania, KE kwa Kenya, CN kwa China. Herufi ya kwanza ndiyo ngazi. E ni EMS, inayopewa kipaumbele na kufuatiliwa njia nzima. C ni kifurushi cha kawaida, kile kinachoweza kufika kilo 20 au 30 kulingana na nchi inayopokea. R ni rejista: inasainiwa mwishoni, lakini katikati inaweza kupita wiki bila taarifa mpya. L ni ya kufuatiliwa bila saini. U haifuatiliwi kabisa. Ukinunua kitu cha dola mbili China kikaja na namba ya U, usikae ukiangalia simu kila asubuhi, kitatokea siku kitakapotokea.

Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi, na inafaa kuijua kwa sababu ya wauzaji wa mtandaoni wanaotuma namba za kubuni. Chukua namba RR104527387TZ. Zidisha tarakimu nane za mwanzo, moja moja, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7. Unapata 8, 0, 16, 10, 6, 35, 27 na 56, jumla 158. Gawa kwa 11, inabaki 4. Toa 4 kwenye 11, unapata 7, na kweli tarakimu ya tisa ni 7. Jibu likiwa 10, tarakimu ni 0. Likiwa 11, tarakimu ni 5. Namba isiyokubali hesabu hii ama imeandikwa vibaya ama imetungwa. Inayokubali bado inaweza kuwa ya mtu mwingine, lakini angalau umeshachuja waongo wavivu.

Namba za kampuni binafsi hazifuati mtindo huu. Kila moja ina wake, na hufuatiliwa kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Hapo ubora wao hauna ubishi. Kila kifurushi kinapoguswa kinaskaniwa, na kikikwama unaona neno forodha au anwani haijakamilika siku hiyohiyo. Ukimya wa Posta kati ya "kimeondoka Dar es Salaam" na "kimewasili" unaweza kuwa wa siku nyingi, na mara nyingi hauna maana mbaya.

Anwani, mahali ambapo vingi hukwama

Posta inajua Sanduku la Posta. Kampuni binafsi haziwezi kukabidhi kifurushi kwenye sanduku. Mtu anatakiwa kusimama na kusaini. Ukimpa muuzaji wa Ulaya "S.L.P." na jina la mji tu, halafu akachagua kampuni binafsi, kifurushi kitafika mjini na kukaa ofisini kikisubiri simu. Kwa hiyo andika namba ya simu yenye +255 kwenye kisanduku chake, na irudie kwenye mstari wa pili wa anwani, maana fomu nyingine za kompyuta huificha. Ongeza mtaa, namba ya nyumba, na alama inayojulikana: karibu na shule gani, nyuma ya msikiti upi. Namba za nyumba zilizobandikwa wakati wa operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 zinasaidia, na programu ya NaPA inaonyesha nyumba ilipo pamoja na postikodi yake ya tarakimu tano. Dereva bado atapiga simu, lakini atakuwa ameshafika mtaani.

Kwa Posta, fanya kinyume: sanduku, postikodi, jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. "Mama Asha" hatapewa kifurushi dirishani kama kitambulisho chake hakina Asha wala mama. Sanduku la ofisi au la shule linafaa, mradi mwenye ufunguo anajua kwamba kuna kitu chako kinakuja. Karatasi ya taarifa ikipotelea kwa karani wa shule, Posta haitakuwa na kosa.

Forodha, pande zote mbili

Kwa kifurushi kinachotoka Tanzania kupitia Posta, usikifunge kabla ya kufika dirishani. Kitafunguliwa. Njoo nacho wazi, pamoja na selotepu yako, maka peni na kitambulisho. Utajaza fomu ya forodha iitwayo CN22 kama thamani haizidi SDR 300, sarafu ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, ambazo ni karibu dola 400. Ikizidi, ni CN23. Jaza kwa Kiingereza au Kifaransa, maana msomaji yuko upande wa pili. Neno "zawadi" peke yake halimwambii afisa kitu. Andika kila kitu kwa idadi, malighafi, uzito na thamani: mashati ya pamba, 2, gramu 400, dola 16. Tangu Januari 2021 taarifa hizi lazima zitangulie kwa kompyuta kwenda nchi inayopokea, kwa hiyo karani akikuuliza maswali mengi huku akichapa, mwachie achape. Bidhaa isiyotanguliwa na taarifa inaweza kurudishwa au kuzuiwa.

Kampuni binafsi inataka ankara ya bei badala ya CN22, nakala zaidi ya moja, na wao wenyewe wataipeleka forodhani. Uzuri ni kwamba mpokeaji mara nyingi haendi popote: kampuni inamlipia kodi, kisha inamdai. Ubaya uko palepale. Kuna ada ya kumtangulizia kodi hiyo, na kwa kifurushi cha thamani ndogo ada inaweza kuizidi kodi yenyewe. Kama unamtumia mtu zawadi, mwambie mapema, asije akakataa kuipokea mlangoni. Kifurushi kilichokataliwa kinarudi kwa gharama ya mtumaji.

Viwango vya kukumbuka: Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa bidhaa ndogo za kununua tarehe 1 Julai 2021, lakini zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi euro 45 inapita. Uingereza, zawadi isiyozidi pauni 39. Marekani ndiyo iliyogeuka zaidi: msamaha wa bidhaa zisizozidi dola 800 uliondolewa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025, na posta 88 duniani zilisimamisha huduma zote au sehemu kwenda huko kwa kukosa njia ya kukusanya kodi kabla ya safari. Kwa Marekani, kabla hujanunua boksi, nenda dirishani ukaulize leo wanapokea nini. Kampuni binafsi ziliendelea kupokea kwa sababu zilikuwa na mfumo wa kukusanya kodi tangu awali. Hapa ndipo bei yao ilipojitetea.

Kwa kinachoingia Tanzania, Posta inamletea mwenyewe taarifa, anakwenda na kitambulisho na ushahidi wa bei aliyolipa, na afisa wa TRA, Mamlaka ya Mapato, anakadiria kodi mbele yake. Ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa nyingi ni asilimia 0, 10, 25 au 35, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru. Usipokuwa na ushahidi wa bei, afisa atatumia makadirio yake, na hayatakuwa na huruma. Hifadhi picha ya malipo kwenye simu. Kifurushi cha kampuni binafsi kinakadiriwa bila wewe kuwepo. Ni haraka, lakini ukitaka kubishania thamani unabishana kwa barua pepe huku siku za ghalani zinahesabika. Kwa bidhaa zenye bei yenye utata, mfano nguo za mtumba au simu iliyotumika, watu wengi wanaojua mambo wanapendelea dirisha la Posta kwa sababu hiyo moja.

Zanzibar ina lake: kifurushi kutoka Unguja kuja Bara hukaguliwa bandarini, hata kama umekituma ndani ya nchi moja. Weka risiti ya duka ndani yake.

Kinachokataliwa

Betri ndizo zinazorudisha vifurushi vingi. Posta kimataifa haipokei pawabanki wala betri iliyo peke yake. Betri iliyofungwa ndani ya kifaa inakubalika pale ambapo posta zinazohusika zimeruhusiwa: seli zisizozidi nne au betri zisizozidi mbili, kila seli isiyozidi Wh 20 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri) na kila betri isiyozidi Wh 100. Simu ya mAh 5,000 ina kama Wh 19 (zidisha 5 kwa volti 3.85), inapita kwa nywele. Kizime kifaa kabisa. Kampuni binafsi hupokea betri kwa masharti ya mzigo hatarishi, kwa wateja wenye mkataba. Mtu wa kawaida mwenye pawabanki atakataliwa kote kuwili.

Manukato, rangi ya kucha na makopo ya kupuliza hayapandi ndege bila utaratibu maalumu. Vinyago vya mpingo vinaruhusiwa, ila mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, na msamaha wa vitu vilivyokamilika unaishia kilo 10 za mbao kwa shehena moja. Kinyago cha kilo moja hakina shida. Vitu vya gamba la kasa usivijaribu kabisa, hata kama muuzaji wa Forodhani ya Unguja amekuhakikishia ni vya zamani. Mbegu, viungo vizima na udongo vinaweza kudaiwa cheti cha afya ya mimea.

Ndani ya nchi: basi lina nguvu yake

Kwa miji iliyo kwenye barabara kuu, hakuna Posta wala kampuni inayolishinda basi kwa bei na kasi. Kifurushi kilichopelekwa Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, asubuhi kinaweza kuwa Dodoma mchana. Matatizo yake ni ya aina chache, na karibu yote yanazuilika.

La kwanza ni kupitilizwa. Basi la Mwanza linapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga. Kifurushi cha Singida kikipakiwa chini kabisa ya buti, konda akiwa na haraka usiku, kinaamka Mwanza. Andika jina la mji wa kushuka kwa herufi kubwa kuliko jina la mpokeaji, pande mbili za boksi, kwa maka peni isiyofutika. Kama kuna basi linaloishia mji huo, lichague hilo hata kama linaondoka baadaye. La pili ni kuloa: buti za mabasi husafiri na ndoo za dagaa, madumu ya mafuta na wakati mwingine samaki wa barafu. Fungia kitu kwenye mfuko wa nailoni ndani ya boksi. Nailoni ya nje huchanika. La tatu ni mpokeaji kutopatikana simu ikiita saa tisa usiku. Andika namba mbili.

Ukishakabidhi, dai risiti yenye namba, piga picha risiti na namba ya gari, chukua simu ya ofisi ya mji wa kushukia, vyote umtumie mpokeaji kwa ujumbe mmoja. Simu ya konda pekee haitoshi. Akiwa njiani haipatikani, akifika amelala. Usome nyuma ya risiti pia. Nyingi zinasema kampuni haiwajibiki kwa kitu kisichotajwa thamani. Taja thamani, hata ukilipishwa kidogo zaidi. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka anayebeba vifurushi kwa malipo awe na leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, mabasi yakiwemo; leseni ikiwa imetundikwa ukutani, una mahali pa kulalamikia.

Posta inarudi kuwa na nafuu pale barabara kuu inapoishia. Mji wa wilaya usiokuwa na ofisi ya kampuni binafsi, wala basi la moja kwa moja, mara nyingi una ofisi ya Posta. Vilevile kwa karatasi zinazohitaji ushahidi: notisi ya kuvunja mkataba wa pango, barua ya madai, zabuni. Sheria nyingi zinaitambua rejista ya Posta kama njia ya kumfikishia mtu notisi. Risiti ya basi haitakusaidia sana mbele ya hakimu.

Kampuni binafsi za ndani zinafaa zaidi kwa muuzaji anayetuma vifurushi vingi kila wiki: wanakuja kuchukua dukani, wanapiga simu, wengine wanakusanya fedha mlangoni na kukurudishia. Kabla ya kuwapa kazi ya kukusanya fedha, uliza zinarudi baada ya siku ngapi na kwa ada gani, na uandikishe. Hapo ndipo ugomvi huanzia. Nairobi kuna njia ya kati ambayo Dar es Salaam ingeihitaji, ya maduka ya mitaani yanayopokea na kukabidhi vifurushi kwa niaba ya kampuni, kama Pickup Mtaani. Mpokeaji anapita kuchukua akirudi kazini na hakuna dereva anayezungukazunguka.

Kikipotea

Hapa watu hudhani kampuni binafsi inalipa thamani yote. Hailipi, isipokuwa umenunua bima. Kwa mzigo wa ndege wa kimataifa, Mkataba wa Montreal unaweka kikomo cha SDR 26 kwa kilo tangu tarehe 28 Desemba 2024, karibu dola 35. Kampuni nyingine zina kiwango chao cha chini kinachozidi hapo. Kiko kwenye masharti ya nyuma ya hati. Mkataba huo hauhusu posta. Posta ina viwango vyake vya kimataifa: SDR 30 kwa rejista bila kujali uzito, na kwa kifurushi cha C, SDR 40 pamoja na 4.50 kwa kila kilo. Lenzi ya kamera ya dola 300 yenye kilo moja itakurudishia kama dola 60 Posta, na bila bima kampuni binafsi inaweza kukupa chini ya hapo. Kwa hiyo kitu cha thamani kubwa kipeleke kampuni binafsi pamoja na bima, au Posta kwa huduma yenye thamani iliyotangazwa kama nchi hiyo inaipokea. Na usiandike dola 10 kwenye fomu ili kumpunguzia mpokeaji kodi: fidia itahesabiwa kwa hizo dola 10.

Lililovunjika ni gumu kuliko lililopotea, kwa sababu pande zote zitasema ulifunga vibaya. Acha sentimita 5 za karatasi zilizokunjwa au nailoni ya mapovu kila upande, tumia boksi la kuta mbili, ziba mshono wa kati na kingo zote mbili kwa selotepu, kisha tikisa. Ukisikia kitu kinatembea, fungua uongeze. Weka nakala ya anwani ndani, maana lebo ya nje ikichanika hiyo ndiyo itakayokirudisha njiani. Piga picha mbili, moja ya ndani kabla ya kufunga na nyingine ya nje ikionyesha lebo.

Ombi la kuulizia kifurushi cha Posta cha kimataifa hupokelewa ndani ya miezi sita kuanzia siku inayofuata ya kutuma, na linafunguliwa na mtumaji katika ofisi ya nchi aliyotumia. Mpokeaji akienda kulalamika kwake, mara nyingi atarudishwa kwako. Nenda na risiti, namba ya tarakimu tisa, nakala ya CN22 au CN23 na ushahidi wa thamani. Kampuni binafsi zina muda mfupi zaidi, na kwa kitu kilichoharibika muda huo huanza mpokeaji anaposaini. Mwambie asisaini kabla hajakagua boksi, na likiwa limebonyea aandike hivyo pembeni ya saini yake, dereva akiwa bado amesimama pale.